Ukingo wa Kioo

Nilikuwa nimefika punje ya sabini na tatu, povu likanizuia. Lilikuwa povu la hewa, kubwa, limekaa katikati ya kioo kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Nilipita juu yake, nikapita chini yake, na kila mstari niliojaribu uliishia kwenye weusi wake. Nikaondoa jicho kwenye hadubini, nikajifuta uso.

Kioo chenyewe hakikuwa changu. Alikiandaa Mwalimu, na mimi nilipewa nikihesabu kwa mara ya mwisho ili ijulikane kama atabaki kwenye masomo au atarudishwa alikotoka. Kamati ilikuwa ikutane Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Mmea ukichanua hutoa unga, na unga huo ndio chavua. Upepo huibeba, nyingine huangukia ziwani na kuzama, kisha matope huifunika mwaka baada ya mwaka. Ganda lake ni gumu ajabu. Asidi inayoyeyusha mchanga hailigusi. Kwa hiyo ukishindilia bomba refu kwenye sakafu ya ziwa, ukatoa matope yake na kuyaosha kipande kwa kipande, unabaki na mimea iliyosimama kando ya ziwa hilo maelfu ya miaka iliyopita. Nyasi zikizidi, palikuwa pakavu. Miti ya msituni ikizidi, mvua zilikuwa nyingi. Tone la unga huo, ndani ya mafuta mazito, huwekwa juu ya kioo na kufunikwa kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Pembeni huzibwa kwa rangi ya kucha, ile ile ya dukani. Halafu mtu anakaa kuhesabu punje mia tatu, hii nyasi, hii mti fulani, hii siijui. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuisomea kazi hii popote. Niliingia kwenye jengo lile nikiwa mpiga deki, na deki niliipiga miaka tisa. Ukutani palikuwa na michoro ya chavua. Nikipangusa meza nilikuwa naitazama, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka nikazijua kama mtu anavyozijua sura za majirani. Siku moja Daktari, ambaye si daktari wa sindano ingawa ndugu zangu mpaka leo humtumia salamu pamoja na habari za viuno vyao, alinikuta nimeinamia hadubini yake. Hakunifukuza. Aliniuliza naona nini, nikamtajia. Tangu hapo nikawa fundi wa maabara, na baadaye nikaitwa Jicho, kwa sababu nilimaliza kwa siku mbili kazi ambayo wengine waliifanya kwa wiki.

Ziwa letu nililihesabu lote, kuanzia matope ya juu kwenda chini, mita tisa. Hesabu hizo ndizo zilizompa Daktari jina. Zilionyesha kwamba zamani sana pande zile zilikuwa nyasi tupu, kisha, kwenye mita ya tano, mvua zikaja ghafla na msitu ukasimama. Ghafla hiyo ndiyo iliyowashangaza watu. Iliandikwa, ikachorwa, ikajadiliwa kwenye mikutano ambayo mimi niliiona kwa picha tu.

Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia sekondari miaka kumi na minane kabla ya kuomba ruhusa ya kurudi darasani kama mwanafunzi. Mama wa watoto watatu, mtaratibu, mwandiko wake umenyooka kama bado yuko ubaoni. Kama zoezi la kwanza alipewa matope ya chini ya mita ya tano, arudie nilichohesabu mimi. Nyasi zake zikapungua kuliko zangu kwa theluthi nzima. Akarudia, zikawa vilevile. Akarudia tena.

Mimi ndiye niliyesema, tukinywa chai, kwamba mtu aliyezoea kutazama watoto wa dawati la nyuma hawezi kuona kilicho chini ya pua, akapime macho kwanza. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kufika wiki iliyofuata maabara nzima ilimwita Miwani, kwanza nyuma yake, halafu mbele yake. Naye, bila kununa, alikwenda kupima macho akarudi na miwani mipya. Akanishukuru kwa ushauri.

Wala si yeye peke yake aliyepishana na hesabu zangu. Chumba cha pili alikaa mtu tuliyemwita Bi Bahari, mwanamke wa rika langu, anayehesabu visukuku vya vijidudu vya baharini. Magamba yao ni madogo kuliko punje ya chumvi, na ukiyatazama kwa karibu yamefinyangwa kama vyungu. Matope yake yalitoka chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto unaoanzia kwenye ziwa letu. Kuna aina inayotaka maji ya chumvi kali na kuna inayovumilia maji ya mto, kwa hiyo yeye naye alikuwa anazisoma mvua zile zile, ila kwa upande wa pili. Kwake ziliongezeka polepole, karne kwa karne. Hakuiona ghafla yoyote. Daktari alimwambia bahari ina mambo yake. Mimi nikaongeza kwamba labda magamba yake yalikuwa yamelala mvua zikija. Alinijibu kwamba magamba hayalali, wanaolala ni watu. Hilo nalo tulilicheka.

Basi, povu. Katikati pamezibwa, na hesabu inatakiwa leo hii. Nikasogea pembeni, mahali ambapo sikupazoea. Ukingoni mwa kioo kuna rangi ya kucha na takataka za kila namna. Tangu nilipoanza kwenda haraka nilikuwa naishia katikati, penye usafi. Nilikuwa nimejiambia kwamba anayeonja mchuzi haonji ukingo wa sufuria.

Pembeni palikuwa pamejaa. Punje ndogo ndogo za miti ya jamii ya mforsadi, miti ya mvua, zilikuwa zimesongamana kama watu chini ya baraza mvua ikinyesha. Nyasi, ambazo punje zake ni kubwa, zilikuwa za kuokoteza. Nilihesabu mia moja, nikahesabu nyingine mia. Nikakiweka kihesabio chini.

Sikuhitaji kueleweshwa. Ukikibonyeza kioo cha juu, mafuta hukimbilia nje, na yanapokimbia hubeba vilivyo vidogo. Vikubwa hubanwa katikati. Kila mpiga deki anajua kwamba ukisukuma maji sakafuni mchanga mwembamba huondoka nayo hadi ukutani, kokoto zikabaki. Mimi nililijua jambo hilo kwa mikono yangu miaka tisa, kabla sijajua chavua hata moja kwa jina.

Nilikwenda kwenye kabati la vioo vya zamani nikachukua sita vya kwangu, vya chini ya mita ya tano. Vyote sita vilikuwa hivyo hivyo, katikati nyasi, pembeni msitu. Kisha nikatoa daftari langu la kwanza. Katika kurasa za mwanzo, nilipokuwa bado mwoga na mwandiko wangu unapanda mlima, mwisho wa kila mstari nilikuwa nimeandika: ukingo hadi ukingo. Nilifuata maneno hayo ukurasa kwa ukurasa. Kwenye mita ya tano yalikatika. Nikatazama tarehe. Ilikuwa wiki ile ile Daktari aliponiita Jicho mbele ya wageni kwa mara ya kwanza.

Mvua hazikuja ghafla. Aliyebadilika ghafla nilikuwa mimi.

Nilikaa na daftari hilo mapajani sijui muda gani. Bi Bahari aliingia kuomba chupa ya maji safi, akaniona, akauliza kama nimefiwa. Nikasema hapana. Akasema basi nifunge mdomo, nzi wapo. Akatoka na maji yake.

Saa tisa fomu ilitakiwa mezani kwa Daktari. Ilikuwa na nafasi ya namba mbili na mstari mmoja wa maelezo. Namba sikuandika. Kwenye mstari nikaandika: Kioo kina povu katikati. Hakifai kuhesabiwa. Nikatia sahihi. Neno la uongo halikuwamo, mtu angeweza kuja na hadubini akahakikisha. Niliipeleka mwenyewe, nikatoka kupitia mlango wa nyuma ili nisipite mbele ya meza ya Mwalimu.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapindisha pindo la shati la shule, mdomoni pini tatu. Yeye ni mshonaji na huweza kuongea na pini bila kuzimeza. Nilikula matonge manne nikasukuma sahani. Nikamwambia kuna mtu kazini amekosea hesabu kwa miaka mingi, na mwingine anakaribia kufukuzwa kwa sababu ya kosa hilo.

Aliuliza mtu huyo ni nani. Nikasema mtu tu.

"Mtu huyo," alisema, "ndiye aliyekiacha chakula changu?"

Alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake, akageuza shati upande wa pili. Aliniambia kwamba kitambaa kikishakatwa vibaya hakiungiki kwa kukunjwa na kuwekwa kabatini. Halafu akaniuliza kama huyo anayefukuzwa anajua. Nikasema hajui. Akarudi kwenye pindo lake, na jioni yote ile nilitamani anigombeze.

Alhamisi asubuhi sijavua hata koti, Mwalimu akaja mezani kwangu. Daktari alikuwa amemwonyesha fomu. Alisimama mikono ameishikanisha mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Fundi, shikamoo. Nisamehe, jana nilikuharibia siku na lile povu."

Nikaitikia. Alisema kioo hicho alikiandaa usiku wake wa homa, si kisingizio, anaeleza tu. Kama kesho ataondoka, basi angalau aondoke anajua kufunika kioo bila povu, maana anaweza kuwafundisha watoto wake wa shule. Aliomba nimwonyeshe.

Nilimwonyesha. Nilichukua kioo kisafi, nikadondosha tone, nikashika kioo cha juu kwa kibano, nikakigusisha upande mmoja kwanza, nikakilaza taratibu ili hewa ipate njia ya kutoka. Yeye aliinama kutazama, na miwani ile mipya ikateleza puani, akaisukuma juu.

"Mimi hata nikilaza taratibu," alisema, "zile ndogo zinanikimbilia pembeni. Nimejaribu mara nyingi. Nakosea wapi?"

Alikuwa ameliona. Wiki sita alikuwa ameliona, analibeba peke yake kama kosa lake, na leo amelileta kwangu nimsahihishe.

Nilimwambia anisubiri. Nilisema hivyo tu, nikaenda kwa Daktari bila kubisha hodi, jambo ambalo sijalifanya maisha yangu yote. Alikuwa anasoma. Nikaweka daftari mbele yake, nikafungua ukurasa wa mita ya tano, nikamweleza tangu mwanzo: ukingo, deki, vioo sita, povu. Na ile fomu nilimweleza pia. Nilisema kwamba kila neno lililomo ni kweli na kwamba niliiandika ili kujificha.

Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akaivaa tena. Nilimwona akifuata tarehe kwa kidole kama nilivyozifuata mimi, na kidole kikasimama pale pale. Nilijua anahesabu nini. Alikuwa anahesabu mikutano, kurasa, watu waliompigia makofi. Mtu mwingine angeniambia tulinyamazie mpaka kitabu chake cha mvua zile kitoke, na mimi, nasema kweli, ningemwelewa. Labda naye lilimpitia. Sura yake ilikwenda mbali ikarudi.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Nani?"

"Mwalimu."

"Bado, Daktari. Nimeona nianze kwako."

"Umeingia mlango usio wako," alisema. "Mimi umeniharibia kazi. Yeye umemharibia jina. Nenda."

Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kesho kamati haitamzungumzia Mwalimu. Itatuzungumzia sisi wawili, yeye na mimi, na nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu. Kisha akaniomba nimwite Bi Bahari, aje na michoro yake yote.

Korido ile ina hatua arobaini. Nilizipiga nikitamani ziwe mia.

Mwalimu alikuwa pale pale nilipomwacha, anajaribu kioo cha tatu. Wengine wawili walikuwa kwenye meza zao, wale wale wa chai. Ningeweza kumwomba tutoke nje. Nilifikiri hivyo, halafu nikakumbuka kwamba mzaha sikuufanyia nje.

Nikasema hukukosea, Mwalimu, niliyekosea ni mimi. Nikaeleza kwa nini zile ndogo hukimbilia pembeni, na kwamba tangu mita ya tano sikuwahi kuhesabu pembeni. Nikasema macho yako ni mazima. Nikasema la macho nililitunga mimi, kuwachekesha watu, na halikuwa na msingi wowote. Sauti yangu ni ndogo siku zote, lakini kila mtu alisikia. Mmoja wa wale wa chai aliinama akatafuta kitu kwenye droo ambayo najua haina kitu.

Mwalimu hakulia na hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaikunja.

"Jioni kichwa huniuma," alisema. "Wiki sita. Nilidhani ndio kuizoea."

"Nisamehe, dada."

"Sijui bado." Alitafuta kitambaa, akafuta jicho moja, la pili akaliacha. "Mwanangu wa mwisho aliniuliza kwa nini nasoma kama siwezi. Nikamwambia mama hana macho mazuri. Sasa hilo nitalirudisha vipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nilikuwa nimechagua namna ya kuinamisha kichwa. Hilo la mtoto sikujiandaa nalo.

Mwishowe alivuta kiti cha pili hadi kwenye hadubini yangu. Alikwenda kabatini, akarudi na kisanduku cha vioo vyangu, akachomoa cha kwanza cha mita ya tano.

"Kaa," alisema. "Hesabu kwa sauti, na mimi niandike. Ukingo hadi ukingo."

Nikakaa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuhesabu huku mtu ananisikiliza. Nyasi, nilisema. Nyasi. Mforsadi. Siijui. Aliniambia nirudi kwenye ile nisiyoijua, akatazama mwenyewe bila miwani, akaitaja. Ilikuwa sawa. Mchoro wake uko ukutani, juu kidogo ya kiwiko changu. Tukaendelea. Kila tulipofika ukingoni nilihisi uso unawaka kabla hata sijatazama, kwa kuwa nilijua nitakachokuta, na nilikikuta. Mforsadi, mforsadi, mforsadi. Kalamu yake haikusimama. Mara moja tu aliniambia nipunguze mwendo.

Saa sita Bi Bahari alipita na michoro yake chini ya kwapa akitoka kwa Daktari. Alisimama nyuma yetu. Nilingoja aniambie yale maneno ya magamba na kulala, na angekuwa na haki. Alisogeza tu taa yangu karibu kidogo na kioo, akaenda zake. Afadhali angesema.

Tulikula mikate tukiwa tumesimama, kila mtu dirisha lake. Tukarudi. Kwa mwendo ule, kioo kimoja kingetuchukua zaidi ya siku nzima, na kabatini kuna vioo vyangu mia mbili na zaidi vya namna hiyo. Siku zangu za kuitwa Jicho ningekimaliza kabla ya chai.

Saa kumi na moja kasorobo mlinzi akaja na funguo. Alisema anafunga jengo, hesabu haikimbii. Tulikuwa tumefika mia mbili na kumi na nane, katikati ya mstari wa kumi na nne. Nilitaka kuomba dakika kumi tu, nimalize, kwa kuwa saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya kamati na nilipenda niwe na namba moja kamili mkononi. Mwalimu alikataa. Alisema kukimbizana ndiko kulikotufikisha hapa.

Akaandika mahali tulipoishia, namba ya mstari na namba ya alama kwenye kipimo cha hadubini, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Akanionyesha nihakiki. Nikahakiki, nikatia sahihi ndogo pembeni.

"Saa moja kamili," alisema. "Usikisogeze kioo."

Nikakiacha palepale, chini ya lenzi, nikaifunika hadubini kwa kitambaa chake. Zilikuwa zimebaki punje themanini na mbili.